Robo ya Sekunde

Jumanne, 14:20:00

Chumba cha nyuma cha duka la matairi la Kapoto kilikuwa na dirisha moja, nalo lilizibwa kwa bati. Watu watatu. Meza moja. Juu ya meza, risiti mbili.

Kapoto alizipanga sambamba kama mtu anayefunua karata. Alikuwa mtu wa shingo nene na sauti ya chini, aliyeanza kazi kwa kurukia malori ya mgodi yakiwa mwendoni na kuyapunguzia shaba. Sasa alikuwa na malori yake mwenyewe, mitambo miwili ya kuchimba, na vijana wa kumwitikia kila kona ya Mkoa wa Shaba. Watu wa aina yake huku huitwa majerabo. Kuna wanaowakimbia, na kuna wanaowaomba ada ya shule.

"Soma," alimwambia Kafula.

Kafula alisoma. Risiti ya kwanza, Chama cha Wachimbaji wa Fikondo. Ombi limepokelewa Jumatatu, 08:00:00. Ya pili ilikuwa ya kampuni yenye jina la wakili na mfuko wa Kapoto. Jumatatu, 08:00:01.

Maombi yote mawili yaliomba kitu kimoja: kilima cha Fikondo, mlima mweusi wa mavi ya shaba, mabaki ya tanuru, uliorundikwa na mgodi kwa miaka sitini, wenye shaba ya kutosha ndani yake kumfanya mtu aache kuiba. Leseni ya zamani ilikufa Ijumaa. Jumatatu saa mbili kamili asubuhi dirisha la maombi lilifunguliwa, na sheria ilikuwa fupi: anayetangulia ndiye mwenye mlima.

"Wanawake wa majembe wa chama kile wametupita sekunde moja," alisema Mulopa, dereva, ambaye pia alikuwa amemwoa Mwenya, dada yake Kafula. "Wamelala pale mlangoni tangu Jumamosi na masufuria yao. Sisi tulilala vitandani."

"Si sekunde, shemeji," alisema Kafula. "Haifiki."

Akawaeleza. Alikuwa amekaa na kompyuta kuu ya ofisi ile ya leseni miaka kumi na mmoja, mpaka walipompunguza kazi. Aliijua kama mtu anavyojua kikohozi cha mama mkwe. Kompyuta ile haikuridhika na sekunde. Iliikata kila sekunde vipande milioni moja, ikaandika kipande ombi lilipoingilia, tarakimu sita baada ya nukta. Lakini tarakimu hizo hakuna aliyeziona. Kioo cha mapokezi kilizikata na kuonyesha sekunde nzima tu. Mashine ya risiti nayo ilikuwa na tabia yake: ilikadiria. Ukiingia kabla ya nusu ya sekunde, inakuacha pale pale. Ukipita nusu, inakusukuma mbele.

"Kwenye kioo, maombi yote mawili yanasoma sifuri sifuri," alisema. "Mulopa ameyaona kwa macho yake. Kwenye risiti, letu linasoma moja. Maana yake tuliingia sekunde ile ile, wao kabla ya nusu, sisi baada ya nusu. Huenda tumeachana robo ya sekunde."

Kapoto alicheka bila kutoa sauti. Alisema ameiba shaba, ameiba nyaya, aliwahi kuiba kichwa cha treni kikiwa na dereva wake ndani, lakini robo ya sekunde ilikuwa ngeni kwake.

Mpango wake ulikuwa huu. Waombaji wawili wakifungana sekunde moja, kamati ndiyo huchagua, na mwenyekiti wa kamati alikwisha kula. Mwenyekiti alitaka jambo moja tu: faili lenye risiti mbili zinazofanana. Hawezi kuipitisha risiti ya moja mbele ya risiti ya sifuri. Kwa hiyo muda wa ombi lao ulipaswa kurudishwa kabla ya nusu, risiti ichapwe upya, ya zamani ichomwe. Kamati ilikuwa inakaa Alhamisi. Kompyuta ile haikubali kusahihishwa kwa mbali. Lazima mtu akae mbele yake. Na kesho, Jumatano, ofisi nzima ilikuwa inakwenda kumzika mzee Sinkala wa masjala. Mabasi mawili, saa tatu kasorobo. Atabaki mlinzi mmoja.

Ufunguo wa chumba cha kompyuta ulikuwa mfukoni mwa Kafula. Walipomwachisha kazi walimdai kitambulisho na kikombe cha chai. Ufunguo hawakuukumbuka.

"Na mteremko wa kusini, mkuu," alisema Kafula.

"Wiki ya kwanza. Mtambo wangu mkubwa. Nimeshakuahidi, usiniulize kama mtoto."

Hicho ndicho kilichomleta Kafula kwenye meza ile. Mwezi Machi wa mwaka uliopita mteremko wa kusini wa Fikondo uliporomoka na kuwafunika wachimbaji tisa. Mdogo wake Chisala alikuwa mmoja wao. Wenye leseni walikataa kufukua. Walisema wale walikuwa wezi, na mlima bado unatembea. Tangu siku hiyo nyumbani kwao kulikuwa na msiba usio na kaburi. Mama yao hakukubali matanga yaondolewe. Watu walikuja, wakalia, wakaondoka, wakachoka. Yeye aliendelea kuuliza wamemweka wapi mwanawe. Chama cha Wachimbaji, chini ya Bana Chileshe, yaani Mama Chileshe, aliyepoteza mume pale pale, kiliapa kuwatoa wote tisa. Lakini chama kilikuwa na majembe. Kapoto alikuwa na mtambo. Kafula alipiga hesabu yake, akaenda kwa mwenye mtambo.

Jumatano, 09:58:12

Waliingia na gari dogo la mizigo lililojaa kuni na magunia mawili ya unga. Mchango wa msiba. Huku hakuna lango linalomfungia mtu aliyebeba kuni za msiba.

Mlinzi aliitwa Jere. Mngoni, mwembamba, meno machache, maneno mengi. Alimtambua Kafula, akamkumbatia, kisha akaona sura ya Mulopa na furaha ikamzidi.

"Wabemba wawili kwa mpigo. Leo nyani wa msitu wote wamepumua, walaji wao wako mjini."

"Afadhali kula nyani kuliko panya," alijibu Mulopa. "Mngoni akiona shimo anavua kofia."

Jere alicheka mpaka akashika lango. Alikuwa na kinyongo, na alikitoa chote pale pale: mzee Sinkala alikuwa Mbemba, mtani wake wa miaka ishirini, na leo anazikwa bila yeye kuwepo. Nani atalala kwenye kaburi lile mpaka walipe? Nani atawaambia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa bahili? Mtani ndiye mwenye kazi makaburini, nao wamemwacha alinde viti. Kafula alimwambia kuni zitashushwa nyuma, na kwamba yeye anapitia ndani kuchukua picha ya marehemu iliyosahauliwa mezani. Jere alipunga mkono wapite.

Kapoto alikuwa amekaa nyuma juu ya magunia, kofia imeshuka machoni. Ndani ya koti lake mlikuwa na mguu wa kuku, bastola fupi yenye risasi sita.

10:07:40

Ufunguo ulizunguka. Chumba kilikuwa baridi, kikivuma kama mzinga wa nyuki. Kafula aliketi. Kapoto alisimama nyuma yake, mgongo mlangoni, jicho moja kwenye kioo na jingine kwenye ujia.

Nywila ilikuwa ile ile. Hakuna aliyejisumbua kuibadilisha.

Aliita maombi ya Jumatatu. Safu ya muda ilijitokeza kama alivyoizoea, sekunde nzima, mikia ya tarakimu sita imefichwa. Aliandika amri moja fupi, mikia ikatokea.

Namba 4471, Chama cha Wachimbaji: 08:00:00.268115.

Namba 4472, kampuni: 08:00:00.731288.

Aliitazama ile 268115 muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wanawake waliolala sakafuni siku mbili, na Bana Chileshe akagonga kitufe mlango ulipofunguka tu. Ingekuwa haki, mambo yangeishia hapo.

Alizificha tarakimu tena, akafungua ombi la 4472 lenyewe. Chini ya muda kulikuwa na viambatisho alivyoweka wakili. Ramani. Mpango wa kazi. Macho yake yalishuka yenyewe, kama macho ya mtu aliyezoea kukagua mafaili.

Mwezi wa kwanza: mtambo wa kusaga. Sakafu ya zege, unene wa mita moja. Mahali: mteremko wa kusini.

Aliusoma mstari ule mara mbili. Mlio wa kompyuta ulikuwa vile vile. Vidole vyake vilikuwa juu ya herufi na havikusogea.

"Vipi?" alisema Kapoto.

"Inafikiri kidogo." Kisha, bila kugeuka, "Mkuu, ule mteremko wa kusini tunauanza siku gani hasa?"

"Wiki ya kwanza. Mdogo wako atatoka mzima mzima, utamzika kama waziri. Fanya kazi."

Sauti haikutikisika hata kidogo. Kafula alielewa kwamba mtu huyu hakuwa hata na haja ya kujitahidi kudanganya.

Kukataa hakukuwezekana, mguu wa kuku ulikuwa hatua moja kutoka kisogoni. Lakini jana usiku, kwa ajili ya kazi hii, alikuwa amejiandalia namba: 311907. Namba yenye makunyanzi, inayofanana na zile kompyuta hujiandikia yenyewe, ambayo mkaguzi angepita juu yake bila kusimama. Mwizi mzuri wa muda huandika tarakimu zote sita, na huziandika vibaya vibaya, kwa sababu hakuna ombi linaloingia kwenye alama yenyewe ya sekunde.

Aliandika 08:00:00. Akaacha hapo.

Alijua kitakachotokea. Ukiipa kompyuta sekunde tupu, haikuulizi mkia uko wapi. Inakujazia sifuri sita, inanyamaza. Kwenye kioo hakuna tofauti. Kwenye karatasi hakuna tofauti. Ndani kabisa, mahali pasipotazamwa na mtu, 4472 sasa ilisoma 08:00:00.000000, kama shati lililopigwa pasi katikati ya matambara. Na kama hakuna atakayefungua na kutazama, amempa Kapoto mlima mzima, si sare tu bali ushindi, na amemwagia mdogo wake zege.

"Tayari."

Kapoto aliinama, akasoma kioo kwa kidole. Sifuri sifuri. Sifuri sifuri. Alimpiga Kafula begani, taratibu, kama anavyopigwa ng'ombe aliyevuta vizuri.

10:19:26

Kapoto alikwenda mapokezi kusubiri risiti mpya itoke. Kafula alitangulia kwenye gari. Mulopa alikuwa ameshusha kuni na kushika usukani, injini imezimwa.

"Zege," alisema Kafula.

Mulopa hakuuliza zege gani. Hapo Kafula akajua.

"Nilikuwa na nia ya kukwambia, shemeji."

"Lini?"

"Baadaye. Ukishapata fungu lako. Nilisema mtu akishakuwa na nyumba, na mama akiwa na paa..." Alikuwa akilikwaruza gurudumu la usukani kwa ukucha. "Kapoto alisema ukijua hutaingia. Na usipoingia, mimi ndiye niliyekuleta."

"Mwenya anajua?"

"Mwenya hajui hata niko wapi sasa hivi."

Kafula hakumwambia habari za sifuri. Baadaye, miaka yote, hilo ndilo alilolirudia: kwamba alikaa na siri mkononi kando ya mume wa dada yake, dakika nne nzima, akainyamazia ili naye aonje kufichwa.

10:24:51

Kapoto alipanda mbele. Risiti mpya ilikuwa kwenye faili, ya zamani ilikuwa majivu. Gari lilikwenda langoni. Lango lilikuwa limefungwa.

Jere alikuja dirishani, uso umetulia kama hakimu. Aliingiza mkono, akazima gari, akachomoa funguo.

"Hamtoki. Mmenipita mara ya kwanza kwa sababu ya kuni. Msiba wa Mbemba haupiti lango la Mngoni bure. Nataka kuku. Au yule mnene avue viatu."

Ni utani. Kila aliyezaliwa huku anajua la kufanya: unalalamika, unamtukana, unampa hata sigara moja, anakurudishia vitu vyako, mnaagana. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa. Mulopa alikwisha kuanza, akimwambia kuku hatamweza kwa meno yale, atamnunulia mchuzi.

Lakini Kapoto alikuwa amekulia kwenye malori, si kwenye misiba. Na alikuwa anaangalia saa.

"Lete funguo," alisema.

"Viatu."

Kapoto alishuka. Alimpiga Jere usoni kwa kitako cha bastola, pigo moja fupi, na mlinzi akaketi chini kwenye changarawe. Aliweka mkono kwenye damu, akamtazama Kapoto kwa mshangao mkubwa kuliko maumivu. Mbemba, siku ya msiba, amekasirikia utani. Kafula aliona wazo hilo likipita kwenye uso wa Jere hatua kwa hatua, mpaka likafika mwisho: hawa hawakuja na msiba.

Jere alizitupa funguo kwa nguvu zake zote ng'ambo ya ukuta. Kisha akatia filimbi mdomoni na kupuliza.

"Umeniona uso," alisema Kapoto. Hakuwa na hasira tena. Aliinua bastola.

Mulopa alikuwa ameshatoka garini. Hakuna aliyemwona akitoka. Aliudaka ule mkono kwa mikono yake miwili, akausukuma juu, akisema neno moja tu, "Mtani, mkuu, mtani," kama mtu anayemkumbusha mwenzake jina la mgeni. Mlio ulikuwa mdogo. Waliendelea kusimama wameshikana, kama watu wanaosalimiana baada ya miaka mingi, halafu Mulopa akakunjika magoti.

Kapoto alikimbilia ukutani. Ulikuwa mrefu kuliko yeye, na juu yake palikuwa na chupa zilizovunjwa. Alipofika katikati, mabasi yalikuwa yanapiga honi nje ya lango, watu wa makaburini wamerudi na udongo kwenye viatu, na filimbi ya Jere bado inalia. Walimvuta chini kwa miguu yake.

Kafula angeweza kutoka kwa mlango wa nyuma. Aliujua. Aliketi kwenye changarawe na kichwa cha shemeji yake mapajani.

Wiki sita baadaye, 11:02:33.904417

Walimleta Kafula na pingu kwenye baraza la rufaa, ambako chama kilipinga uamuzi wa kamati kuipa kampuni mlima. Wakili wa kampuni alikuwa amejieleza vizuri: hamjui Kapoto, majambazi walikwenda kuiba kompyuta, na ombi la mteja wake ni safi. Kioo kilisema sifuri sifuri kwa wote wawili. Risiti ya faili ilisema hivyo hivyo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa anafuta miwani.

Kafula aliomba jambo moja. Safu ya muda ifunguliwe mpaka mkia.

Karani aliandika amri. Bana Chileshe, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mchimbaji, alisogea mbele kwenye benchi. Tarakimu zilisomwa kwa sauti, moja moja. Ya chama: mbili, sita, nane, moja, moja, tano. Ya kampuni: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.

"Basi sisi ndio wa kwanza," alisema wakili, na kwa mara ya kwanza alitabasamu.

Kafula aliwaambia wateremke kwenye maombi mengine. Walitazama mia. Walitazama elfu tatu. Hapakuwa na jingine lililoingia kwenye alama yenyewe. Kisha akawaonyesha namba za usajili, ambazo kompyuta huzigawa kwa zamu: chama 4471, kampuni 4472. Aliyechukua namba ya nyuma amefikaje mbele?

"Ombi halijui kutua juu ya sifuri sita," alisema. "Mkono ndio unaojua. Mkono wenyewe ni huu."

Aliuinua, na ule mwingine ukafuata kwa sababu ya pingu. Alipewa miaka saba.

Fikondo ikaenda kwa chama. Wachimbaji walianza kusini, kwa majembe, wiki tano, wakipokezana, wakiimba mlima ulipokuwa unatembea na kunyamaza ulipotulia. Waliwapata wote tisa. Chisala alijulikana kwa kiatu chake kimoja, kilichoshonwa kwa waya mwekundu.

Gereza lilimpa Kafula saa mbili za mazishi na askari mmoja. Mama yake alimshika mikono juu ya pingu. Alisema amemwona mwanawe, sasa anajua amelala wapi, na Mungu amrehemu aliyemrudisha. Jere alikuwepo, kovu usoni, amelala ndani ya kaburi tupu akidai kuku kabla ya jeneza kushuka, na watu wakicheka na kulia.

Mwenya hakuwa nao. Alikuwa hatua thelathini kando, kwenye kaburi la mumewe, ambalo udongo wake ulikuwa bado haujashuka. Kafula alimwomba askari, wakaenda.

Alikuwa ametayarisha maneno. Dada yake hakumpa nafasi, wala hakugeuka.

"Wiki ile nzima hakula," alisema Mwenya. "Nilidhani ni tumbo. Ungekuja ukamuuliza mbele yangu, angesema."

"Sikujua cha kumuuliza, dada."

"Ndani ya gari ulijua."

Ndipo alipofahamu kwamba maelezo yake aliyowapa polisi, neno kwa neno, yalisomwa na mtu mmoja zaidi.

"Ukitoka nenda kwa mama," alisema Mwenya. "Kwangu usipite."

Kule walikuwa wameanza kufukia, majembe yakipokezana. Askari alitazama saa yake. Alisema dakika zipo bado, kumi na moja, kama anazitaka.

Kafula alisema hazitaki.